Hicho Kimeo, Kitoe

Itigi, 12 Januari 2025

Dada Radhia,

Shikamoo.

Najua unashangaa kupata barua zama hizi, tena imefungwa mfuko mmoja na chupa za asali. Usiogope, hajafa mtu. Kilichokufa ni sauti. Juzi nilikupigia simu, ukakata, halafu ukanitumia ujumbe kwamba nijihadhari, kuna tapeli anatumia namba yangu na kazi yake ni kupumua tu. Tapeli huyo ni mimi mdogo wako. Nilikuwa nasema shikamoo.

Ujumbe wa simu nao umenishinda. Nikitania kwa maneno matano inaonekana nagombana. Bora karatasi. Noel, kondakta wa basi la Singida, amekubali kuwa posta yetu.

Koo linaniuma tangu mvua za kwanza. Si maumivu ya kumlaza mtu. Ni kama nimemeza mwiba wa msituni nao umepapenda. Na kazi yangu unaijua: treni ikisimama stesheni, muuza asali ni kupiga kelele dirishani mpaka mtu afungue pochi. Sasa nasimama nimeinua chupa juu, kimya, kama shahidi aliyesahau ushahidi wake. Abiria mmoja alinihurumia akanipa ndizi.

Nimekunywa asali yangu mwenyewe kwa tangawizi, kwa limau, kwa kitunguu saumu, mpaka Anifa mke wangu analala kanigeuzia mgongo. Nimesukutua maji ya chumvi. Mwarobaini nimetafuna. Wiki iliyopita nilikwenda kwa warina asali msituni, pikipiki ikazimika njiani, nikaisukuma kwenye vumbi, nikarudi hata kukohoa siwezi.

Biashara hainisumbui. Kinachonisumbua ni Sijaona. Ndoa yake na Abdillahi ni Ijumaa ya pili baada ya Idi, na baba mwenye kumwozesha ni mimi. Shamte mdogo wetu ameshaanza kunong'ona kwamba nimpe uwakilishi, aseme yeye mbele ya shehe. Sitaki. Maisha yangu yote nimetumia sauti kuuza asali kwa watu ambao treni ikiondoka hawanijui. Mungu kanipa binti mmoja tu, na kwa ajili yake nina sentensi moja ya kusema. Nataka niiseme mimi.

Ndugu yako bubu,
Mselemu


Singida Mjini, 16 Januari 2025

Mdogo wangu Mselemu,

Marahaba. Asali imefika, barua imefika, na Noel amefika na njaa, nikampa chai na maandazi, akala kama aliyekuja kwa miguu.

Nimecheka habari ya tapeli, halafu nikaacha kucheka. Tangu mvua za kwanza? Unakaa mji wenye hospitali, watu wanatoka mbali kuja kutibiwa hapo, wewe upo jirani unatafuna mwarobaini kama mbuzi. Nenda ukamulikwe koo.

Jingine, usinijibu kwa ukali. Mimi ubaya wote nauona kwenye hicho kimeo chako. Nimesema zamani, hukusikia kwa sababu ninayesema ni mwanamke. Kitoe. Umekaa nacho miaka, hakijakufaa kwa lolote zaidi ya kukuletea maradhi.

Wateja wangu wa vitenge wanakusalimu, hasa yule mjane uliyemwambia sauti yako inaua nyoka. Sijaona mwambie nguo yake ya ndoa iko kwa fundi.

Dada yako,
Radhia


Itigi, 4 Februari 2025

Dada Radhia,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilitaka nikuandikie nimepona, nikuoneshe. Duka la dawa walinipa vidonge vya rangi mbili. Siku za mwanzo nikapata nafuu, nikajisifu, nikanadi asali treni nzima. Vidonge vilipokwisha, mwiba ukarudi na ndugu zake.

Sasa na sikio la kulia linauma. Koo liko mbele, sikio liko pembeni, sijui wamejuana lini. Ugali umekataa kupita, nakunywa uji kama mzazi. Mkanda nimeutoboa tundu jipya, na Anifa anasema nimekuwa kijana. Chini ya taya pana kokwa kama punje ya mahindi, nahisi ni nyuki wa msituni walinichoma nikiwa nawaza mambo mengine. Sigara nimeacha. Nilikuwa nimebakiza ile ya baada ya chakula, na chakula chenyewe ndicho hicho.

Kuhusu kimeo, umenishangaza. Sikujua watu wa mjini mnajua mambo hayo. Hapa kila mzee anayenisikia nikikwaruza anasema neno lako hilohilo: ni kimeo, kitoe. Mwenye kupinga ni Anifa peke yake. Anasema hospitali kwanza. Lakini hospitali nitaambiwa njoo wiki ijayo, halafu njoo wiki nyingine, na Idi hainingojei. Yuko Mzee Festo, ng'ambo ya reli, kazi yake ndiyo hiyo na ameshatoa vya wengi. Anasema ni kufumba na kufumbua.

Tangu mama afariki, wewe ndiye mkubwa wetu. Nipe neno la mwisho, nikitoe au nisikitoe? Ukisema wewe, Anifa atanyamaza.

Wako mwembamba,
Mselemu


Singida Mjini, 8 Februari 2025

Mselemu,

Marahaba. Mpaka leo tunajadili kimeo? Nilidhani kimeshaondoka.

Kitoe. Kama huyo Mzee Festo ana uzoefu navyo, mpelekee kabla hajabadili mawazo. Usikionee huruma. Anifa namshangaa, amekipenda lini? Mwonyeshe barua hii: mimi dada mkubwa nimesema kiondoke, na baada ya hapo mjadala umekwisha. Ila nenda na shahidi mmoja. Mambo haya yakifanywa na watu wawili tu, baadaye huzaa maneno.

Habari ya sikio nimeisoma mara mbili. Halafu mkanda. Halafu hilo kokwa. Umeyaandika kama vichekesho, lakini mimi ndiye niliyekulea, na najua unachekesha zaidi ukiwa unaogopa. Ukishamalizana na Festo, siku hiyohiyo pitiliza hospitali. Siyo kesho yake.

Dada yako,
Radhia


Itigi, 15 Februari 2025

Wifi Radhia,

Shikamoo. Ni mimi Anifa. Mselemu hawezi kuandika leo.

Alhamisi alinionyesha barua yako. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyeruhusiwa kucheza. Akasema, umeona, dada mwenyewe kasema. Nikanyamaza, kama ulivyotaka. Akamchukua Frank, jirani yetu, awe shahidi, kama ulivyoagiza.

Haya ninayokueleza nimeyapata kwa Frank. Mzee Festo alimkalisha kwenye kigoda, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akaingiza kile kichuma chake chenye ncha iliyopinda. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kikatoka. Akakiweka kwenye jani, akamwonyesha Frank. Mselemu akatikisa kichwa kwamba hakuumia sana. Kisha damu ikaanza. Mzee akampa unga wa mizizi aubane kooni. Damu ikapita na unga. Frank akasema twende hospitali, Mzee akasema ngojeni, hukauka yenyewe. Waliponiletea Mselemu nyumbani, shati lake lilikuwa halina sehemu nyeupe, na bado alikuwa ananifanyia ishara za utani.

Hospitali waliisimamisha damu, namshukuru Mungu. Lakini, wifi, kuna jambo. Daktari alipommulika koo alitazama kwa muda, halafu akamwita mwenzake, naye akatazama. Hawakuwa wanatazama kidonda. Walikuwa wanatazama chini zaidi. Tangu hapo hawaniulizi habari za damu. Wananiuliza sauti ilianza kukauka lini.

Nimekuheshimu tangu niolewe katika familia hii. Leo nauliza kwa heshima hiyohiyo. Wewe unaishi mjini, umesoma, una akili. Kwa nini uliandika mume wangu akakatwe kimeo?

Anifa


Singida Mjini, 17 Februari 2025

Mdogo wangu Anifa,

Nilikuwa nasema pikipiki.

Huku mjini kitu kibovu chochote tunakiita kimeo. Simu kimeo, redio kimeo, kuna wanaosema mume kimeo. Mumeo aliniandikia habari za pikipiki kuzimika na vumbi, nikamwandikia akitoe hicho kimeo. Aliposema Mzee Festo anavitoa, nikajua ni mnunuzi wa pikipiki mbovu. Ndiyo maana nikasema shahidi. Nani anakwenda na shahidi kukatwa koo?

Nimeisoma barua yangu upya kichwani tangu Noel alipoondoka. Usikionee huruma, niliandika. Kila neno linaingia mahali pake kama lilitungwa kwa kazi hiyo.

Sina la kujitetea kwako. Nilikwambia unyamaze, na wewe ndiye uliyekuwa na neno sahihi. Sasa nakuomba usininyamazie tena. Wakisema apelekwe Dodoma, apelekwe. Akikataa, mwambie dada yake amesema. Kama neno langu lilitosha kumpeleka kwa Festo, litoshe na kwa hili.

Na hilo walilolitazama chini zaidi, waulize ni nini. Wakikujibu, niandikie mimi, usimwandikie Shamte, atalitangaza msikitini.

Radhia


Itigi, 2 Machi 2025

Dada Radhia,

Shikamoo.

Mimi ni mzima. Nimepewa ruhusa ya kushika kalamu na uji, vyote viwili siku moja.

Habari ya pikipiki imefika. Anifa alinisomea barua yako kwa sauti ya hakimu, na alipofika kwenye "nilikuwa nasema pikipiki" alianza kucheka, akashindwa kujizuia, akaishia analia. Mimi kucheka bado kunachana kidonda, kwa hiyo nilicheka kwa mabega. Pikipiki yenyewe ipo, imeegemea ukuta. Usijilaumu, dada. Hata ningejua unasema pikipiki, ningekataa kuitoa. Ile naipenda.

Frank ndiye anayeteseka. Watu wanamwita shahidi, na kila akipita wanafunga midomo kwa mikono.

Kimeo kimetoka na koo bado linauma. Hilo nilitaka ulijue kutoka kwangu. Maumivu yako palepale yalipokuwa, hata hayakugutuka. Hospitali waliniuliza yalianza lini, nikaandika "wiki chache", Anifa akanikanyaga mguu, nikaongeza. Kokwa la chini ya taya nalo limekua. Daktari aliliminya akauliza ni la nini, nikaandika "nyuki". Akanitazama kama mwalimu anavyotazama mtoto aliyesema daftari limeliwa na ng'ombe.

Keshokutwa tunakwenda Dodoma, kwenye hospitali kubwa. Watakata kipande kidogo wapime. Mwezi umeandama na mimi nimekatazwa kufunga. Nakunywa uji mchana, uani, nimejificha nyuma ya mapipa ya asali kama mwizi.

Shamte amekuja tena na habari ya uwakilishi. Safari hii hakunong'ona. Nilimwandikia kwa herufi kubwa: NITASEMA MWENYEWE. Sauti ipo bado, dada. Asubuhi nikiamka hutoka kidogo, kama maji ya bomba kabla hayajakatika.

Mselemu


Dodoma, 13 Machi 2025

Wifi Radhia,

Shikamoo.

Ulisema wakinijibu nikuandikie. Wamenijibu.

Daktari aliniita peke yangu. Ni kijana, mpole, alinivutia kiti. Alisema kile kipande kimerudi na ni saratani. Iko kwenye zoloto, pale inapotoka sauti, na kokwa la shingoni ni mtoto wake. Nikamwuliza kama ni kwa sababu ya Festo. Akasema hapana, ilikuwepo kabla ya Festo. Festo ametupotezea muda na damu, vitu viwili ambavyo Mselemu hakuwa navyo vya kupoteza.

Jumatatu ya tarehe 24 watampasua. Watalitoa zoloto lote na kumwachia tundu hapa shingoni, atapumulia hapo. Nikauliza, na sauti? Akasema, mama, sauti inakwenda nayo. Nikauliza, na akishatolewa atapona? Akafunga kalamu yake. Akasema watafanya wanaloweza, lakini mmekuja mmechelewa.

Nilimwomba asimwambie Mselemu kwanza. Mimi nimemwambia ni kidonda cha ndani, kitasafishwa, baada ya hapo koo litapumzika. Ameitikia kwa kichwa, akaomba uji. Wifi, hajawahi kuomba uji. Siku zote huulalamikia.

Nifanye nini kuhusu ndoa ya Sijaona? Ijumaa ya pili baada ya Idi atakuwa hana cha kusemea. Nisaidie uongo mmoja mzuri, mimi nimeishiwa.

Anifa


Singida Mjini, 16 Machi 2025

Mdogo wangu kipenzi Mselemu,

Nimefurahi mno kusikia wamegundua ni kidonda tu. Si nilisema? Mambo ya koo ndivyo yalivyo, yanatisha kuliko ukubwa wake. Watasafisha, utapumzika wiki mbili tatu, na utarudi stesheni na sauti ya kupasua vioo vya treni. Yule mjane anakusalimu.

Kuna kajambo kadogo. Ndoa ya watoto imebidi isogee mbele, mpaka baada ya Idi kubwa. Ni mambo ya ukumbi tu, umegongana na shughuli ya watu wengine. Abdillahi ameridhika, Sijaona ameridhika, kwa hiyo na wewe ridhika. Hakuna haraka yoyote. Muda tunao mwingi.

Hapa hali nzuri, mvua inanyesha, biashara inakwenda. Kula vizuri, sikiliza wauguzi, usiwachoshe kwa utani.

Dada yako akupendaye sana,
Radhia


Dodoma, 18 Machi 2025

Dada Radhia,

Shikamoo.

Hujui kudanganya. Hukujua utotoni na umri haujakusaidia. Kwanza, hujawahi kuniita kipenzi. Pili, huo ukumbi umeutoa wapi? Ndoa ilikuwa ifungwe msikitini Itigi, na wali uliwe uani kwangu, kati ya mapipa. Labda mapipa yamekodishwa.

Daktari aliniambia mimi kwanza. Asubuhi ileile, kabla hajamwita Anifa. Alinieleza yote, hata la tundu, akanichorea na picha. Nikamwandikia kwamba amweleze mke wangu polepole, na asimwambie kuwa mimi najua. Kijana wa watu, sote wawili tulimtwisha siri ileile siku moja. Anifa alikuja akanieleza kidonda chake, akaninywesha uji, kisha akaenda kulia kule nyuma kwenye mabomba ya kufulia. Nikamwacha alie. Mtu akikuficha kwa mapenzi, nawe mfiche.

Kupona sikumwuliza. Nilimwuliza kama sauti itafika Ijumaa. Akasema hawezi kuahidi, niipumzishe.

Kwa hiyo mlete Sijaona Ijumaa hii. Mlete na Abdillahi na baba yake, na huyo Shamte awe shahidi ili naye apate cha kusimulia. Nimemwandikia shehe wa msikiti wa jirani na hospitali, amekubali kuja. Anasema ndoa ndani ya mwezi mtukufu haina kizuizi. Kizuizi ni pilau tu, na ukoo wa Abdillahi ninavyowajua, watafurahi kuokoa mchele. Wauguzi wameturuhusu benchi la nje ya wodi. Nguo kama fundi hajamaliza, avae kitenge chako chochote. Anifa mwambie wewe kwamba najua. Mimi nikimwambia nitalazimika kumbembeleza, na kubembeleza kunataka sauti.

Jana nilijaribu sentensi yangu chini ya shuka. "Nimekuoza" ilitoka nzima. "Binti yangu" ilitoka nusu. Jina lake halikutoka.

Tangu leo sisemi na mtu. Ninalotaka naonyesha kwa kidole. Mkija mkinikuta kimya, msidhani nimekasirika wala nimezidiwa. Naweka akiba. Wewe ukifika kaa pembeni, usinichekeshe.

Na Sijaona mwambie mapema, mkiwa njiani, asije akaumia. Siku hiyo asinipe shikamoo. Mtoto akitoa shikamoo mzazi lazima aitikie, na marahaba ni neno zima.

Mselemu